Tusilivute Kesho: Namna ya Kuliamsha Gari la Dizeli Lililolala

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo shuleni, Mkata, Wilaya ya Handeni



Katika ratiba tuliyogawiwa, jambo la kesho saa nne asubuhi limeandikwa hivi: "Kuwasha gari la shule." Nimeuliza litawashwaje, nikajibiwa kwamba trekta limekwisha kuombwa, mnyororo upo, na mpiga picha ameagizwa. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimepewa nafasi ya kusema machache juu ya ufundi. Kwa heshima zote, nitaitumia nafasi hiyo kuomba jambo moja tu, nalo ni kwamba tusilivute gari hili kesho.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Land Rover ndefu ya Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, yenye injini ya dizeli ya silinda nne na ujazo wa lita mbili na robo. Limesimama juu ya mawe nyuma ya karakana yetu kwa miaka 9. Kuna wenzetu wanaosema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha zitakazopatikana ziingie katika mfuko wa madawati. Kuna wengine wanaosema livutwe, likiwaka tushukuru Mungu, lisipowaka ndipo liuzwe. Hoja zote mbili zimetolewa kwa nia njema. Lakini zote mbili zinadhani kwamba gari lililosimama miaka 9 limekwisha kufa, na kwamba hakuna tena cha kupoteza.

Mimi nimefanya kazi ya umakanika kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika karakana za mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Nimeona mitambo mingi ya dizeli iliyolala. Yaliyonifundisha kazi hiyo ni haya: injini ya dizeli haiuawi upesi na usingizi. Huuawa siku ya kuamshwa, na mara nyingi huuawa katika dakika ya kwanza.

Tena hili si gari la kupigia picha. Kutoka hapa Mkata hadi Handeni mjini ni kilomita 54. Barabara sasa ni lami, na magari ya abiria mchana hayakosekani. Lakini mwanafunzi akishikwa na tumbo saa nane za usiku, basi lililopita barabara kuu ya Chalinze na Segera halitageuka kuja kumchukua bwenini. Waliosoma hapa wakati gari hili likitembea wanakumbuka ni wangapi lilipata kuwafikisha hospitali. Basi tuliangalie kama chombo cha kazi.

Dizeli inawakaje?

Vijana, kabla hatujasema namna ya kuiamsha injini, tuelewe kwanza inavyofanya kazi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunalolitaja kila tununuapo mafuta haya, alifanikiwa kuendesha injini yake katika mji wa Augsburg mwaka 1897 kwa njia nyingine kabisa. Hewa peke yake huingia katika silinda, pistoni huibana mpaka inakuwa ndogo mno, na kwa kubanwa huko hewa hupata moto mkali. Kisha dizeli hupulizwa ndani kama ukungu, ikaungua mara moja.

Mbano wenyewe si wa mchezo. Katika injini hii yetu, hewa hubanwa kiasi cha mara 23. Chukua hewa iliyojaa debe la mafuta, uibane mpaka ienee ndani ya chupa ya lita moja. Hapo utakuwa umekaribia. Joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Kila mmoja wenu amewahi kupeleka mahindi mashineni kusagisha. Mwenye mashine, kabla ya kuzungusha hendeli, huinua kwanza kijiti fulani juu ya injini. Kijiti kile hushikilia valvu wazi ili hewa itoke na mbano usiwepo. Akisha kupata kasi hukiachia, mbano ukarudi, na mashine ikapiga tuku-tuku-tuku. Bila kijiti kile hata mtu mwenye nguvu asingeizungusha. Hiyo ndiyo nguvu iliyomo ndani ya injini ya dizeli, na ndiyo itakayoivunja ikiwa hatukuwa waangalifu.

Jambo la pili ni pampu na nozeli. Pampu huisukuma dizeli kwa nguvu inayozidi kanieneo ya hewa mara 100, na nozeli huipuliza. Ili dizeli isivuje kwa nguvu hiyo, vyuma vilivyomo ndani ya pampu vimechongwa vikalingana mno. Nafasi iliyopo kati ya kimoja na kingine ni kama elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara 20. Kwa hiyo chembe ya kutu usiyoweza kuiona kwa macho ni kama jiwe ndani ya pampu hiyo. Wala pampu haina mafuta mengine ya kuilainisha. Hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita. Dizeli ikiwa na maji, au ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, vyuma husagana vikavu.

Miaka 9 imefanya nini?

Tangi la mafuta hupumua. Mchana huku kwetu ni joto, hewa hupanuka ikatoka. Usiku hupoa, hewa nyingine ikaingia pamoja na unyevu wake. Wakati wa masika na vuli unyevu huo ni mwingi, nao hugeuka matone juu ya kuta za tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huteremka chini na kukaa pale pale bomba la kunyonyea lilipo. Mahali maji na dizeli vinapokutana huota wadudu wadogo wasioonekana, jamii ya bakteria na kuvu, ambao huishi katika maji na kula mafuta. Kazi yao ni kutengeneza utando mweusi unaoteleza kama mlenda. Ukifungua tangi la gari lililolala ukakuta utando huo, usistaajabu. Lakini ukiruhusu ufike katika pampu, umekwisha.

Ndani ya silinda, utando wa oili uliokuwa ukilinda kuta umeteremka wote chini. Valvu moja au mbili zilibaki wazi siku gari liliposimama, hivyo unyevu umeingia humo. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyepesi. Kutu hiyo ikilainishwa huachia bila madhara; lakini ikilazimishwa hukwangua ukuta na kuvunja ringi.

Hali kadhalika mipira imekauka, maji ya rejeta yamekula chuma, betri imekufa, na wanyama wamehamia. Panya hupenda sana nyaya. Nyigu hujenga nyumba za udongo katika kila tundu dogo waliloliona, na bomba la moshi kwao ni jumba la ghorofa.

Kwa nini tusilivute?

Sasa fikirini trekta linakuja. Mnyororo unafungwa, dereva anaingiza gia, anaachia klachi, na magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu ambayo stata isingeweza kuitoa. Hapo yanaweza kutokea mambo matatu.

La kwanza, ikiwa maji au dizeli imevujia ndani ya silinda, pistoni itapanda na kukuta kimiminika. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Stata ingekwama tu, nawe ungepata nafasi ya kujiuliza. Lakini trekta haliulizi. Litaendelea kuvuta mpaka konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, upinde kama msumari. Hali kadhalika valvu iliyonata: pistoni huikuta wazi ikaigonga.

La pili, injini itazunguka kwa kasi wakati oili haijapanda. Fani za krenki zitasagana chuma kwa chuma, na uharibifu wa dakika hiyo moja hautarekebishwa kwa kuongeza oili baadaye.

La tatu ndilo baya kupita yote. Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme wa plagi, maana plagi ya cheche haipo. Injini kama hii huzimwa kwa kukata mafuta. Ndani ya pampu kuna valvu ya kupimia kiasi cha mafuta. Ikiwa imenata kwa utando wa dizeli ya zamani, tena ikiwa imenata mahali pa mafuta mengi, injini itawaka na kupanda kasi bila kikomo. Niliwahi kuliona jambo hili katika karakana ya shamba moja, lori lililolala lilipovutwa. Liliwaka, watu wakapiga makofi. Kisha mlio ukapanda, ukazidi kupanda, dereva akavuta waya wa kuzimia wala injini haikusikia. Waliokuwa karibu walikimbia. Baada ya muda mfupi konrodi ilitoboa ubavu wa injini ikatokeza nje. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lori lile lilikuwa zima asubuhi ile. Jioni lilikuwa chuma chakavu kweli.

Nasema haya mbele ya vijana kwa sababu kesho mngekuwa mmesimama pembeni, karibu kabisa, mkishangilia.

Funzo kutoka Ziwa Tanganyika

Asije mtu akasema kwamba miaka 9 ni mingi mno. Mnaijua meli ya Liemba ya Kigoma. Wajerumani waliijenga kwao, wakaileta kwa vipande, wakaiunga tena Kigoma na kuiita Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, walipozidiwa vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini mafundi hawakuizamisha hivi hivi tu. Waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa kutoka chini ya maji, wakakuta mitambo bado yafaa. Ilisafishwa, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wakati huo ilikuwa ya mvuke. Injini za dizeli iliwekewa katika miaka ya 1970.

Chombo kilichokaa miaka 8 chini ya maji kiliamka. Kiliamka kwa sababu mbili: waliokilaza walikilaza kwa akili, na walioamsha hawakukivuta kwa mnyororo ili wapige picha. Walichukua miaka, sisi naomba wiki mbili tu.

Kazi ya wiki mbili

Siku ya kwanza ni ya macho, si ya mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi na tuiname. Tuangalie chini kama kuna uvujaji, tutazame kila waya uliotafunwa, tufungue chujio la hewa na bomba la moshi tuondoe viota. Mtu asitie mkono mahali asipopaona. Nyoka naye hupenda kivuli. Magurudumu yawekewe vigingi, na nyaya za betri ziondolewe.

Siku ya pili tumwage oili yote. Tuifungue nati ya chini polepole na tukinge beseni safi. Kama kuna maji, yatatoka ya kwanza. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na yatupasa kujua yalipitia wapi. Oili ikiwa nyepesi na yenye harufu ya dizeli, basi mafuta yanavuja kuingia katika injini. Tukisha kuridhika tutie oili mpya na chujio jipya. Chujio la hewa la gari hili ni la beseni la oili. Nalo lioshwe, litiwe oili mpya.

Siku ya tatu tufungue nozeli zote nne, pamoja na plagi za kupashia moto ambazo mafundi huziita hita. Katika kila silinda tutie vijiko viwili vya oili nyepesi. Halafu tuondoke. Hii ndiyo kazi ngumu kupita zote, kwa sababu ni kazi ya kungoja. Oili iachwe ipenye katika ringi kwa siku tatu au nne, na kila jioni tuongeze kidogo.

Siku ya saba tuizungushe injini kwa mkono, kwa hendeli au kwa spana kubwa kwenye nati ya krenki, nozeli zikiwa bado nje. Mtu mmoja aizungushe, si watatu. Aisukume kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikikataa, iachwe mpaka kesho yake. Ikikubali, aizungushe duru mbili kamili polepole, huku mwingine akitazama juu kama valvu zote zinapanda na kushuka. Oili na uchafu vitaruka nje kupitia matundu, na hilo ndilo tulitakalo. Kitu kilichotoka hakiwezi tena kupinda konrodi.

Wakati tunangoja, nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu zikapimwe. Hapa nawaonya vijana. Nozeli ikipimwa, usiweke mkono mbele yake hata kwa mzaha. Dizeli inayotoka pale hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana kama tone dogo, pengine haliumi sana, lakini mafuta yamekwisha kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje kuona kama litavimba.

Kisha tangi. Dizeli yote ya zamani imwagwe kwenye mapipa, isitumike tena katika gari. Tangi lishushwe, lioshwe, lichunguzwe kutu. Mimi sipendi kutumia tangi la zamani siku ya kwanza ya kuwasha. Huchukua dumu safi lenye lita tano za dizeli mpya, nikaliweka mahali pa juu, nikaunganisha mpira hadi kwenye chujio jipya. Kwa njia hiyo najua hasa pampu inakunywa nini.

Baada ya hapo ni kutoa upepo. Hewa ikibaki ndani ya mabomba, pampu itaibana hewa badala ya kusukuma mafuta, na nozeli haitapuliza kitu. Tulegeze skrubu iliyopo juu ya chujio, tupige pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, ndipo tukaze. Tufanye vivyo hivyo kwenye pampu kubwa.

Siku ya kuwasha

Kabla ya kuwasha tujue tutazima vipi. Tuutikise mkono wa kuzimia na mkono wa mafuta ulioko kwenye pampu, kwa vidole, tuone kama unakwenda na kurudi kwa wepesi. Ukinata, pampu iende kwa fundi. Hakuna kuwasha siku hiyo. Halafu kijana mmoja mtulivu asimame na kipande cha ubao tambarare, kinachotosha kuziba mdomo wa kuingizia hewa. Injini ikikataa kuzima, yeye huziba kwa ubao ule, nayo hufa kwa kukosa pumzi. Asitumie kiganja wala kitambaa, maana injini itakinyonya. Watu wengine wote wakae mbali.

Tufunge betri nzima, iliyochajiwa. Nozeli na hita zikisha kurudishwa, tuvute waya wa kuzimia ili mafuta yasiingie, kisha tuipige stata sekunde 10, tupumzike dakika moja au mbili, tuipige tena, mpaka geji ya oili ionyeshe kwamba oili imepanda. Sasa fani za krenki zimelowa. Ndipo turudishe waya, tulegeze nati za mabomba ya nozeli, tupige stata mpaka dizeli ichomoze, tukaze.

Hita nazo zipimwe. Katika injini nyingi za aina hii hita zimeungwa kwa mfuatano, umeme ukitoka moja kwenda nyingine. Moja ikiungua, zote nne hazipati moto, na watu hulaumu pampu bure. Ziwashwe kwa muda wake, kisha ndipo stata. Na mtu asilete dawa ya kupuliza inayorahisisha kuwaka. Dawa ile ikikutana na hita yenye moto huripuka kabla ya wakati wake, na injini hupigwa kama kwa nyundo.

Itakapowaka itatoa moshi mwingi mweupe, nao ni dizeli isiyoungua. Ukipungua injini ikipata moto, hakuna neno. Moshi wa buluu ni oili, na tumeitia wenyewe silindani, basi nao tuupe muda. Moshi mweusi usiokwisha ni mafuta mengi kuliko hewa. Jicho la dereva lisiwe kwenye moshi bali kwenye geji ya oili. Ikiwa haikupanda katika sekunde 10, azime. Wala asikanyage mafuta ili watu wasikie mlio. Iachwe iungurume polepole.

Bado tu hatujaondoka. Gari linalowaka bila breki ni hatari kuliko gari lisilowaka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, basi yamwagwe yote, na mipira ya silinda za magurudumu ibadilishwe. Matairi yasiaminiwe kwa kuwa kashata zake bado ni ndefu. Ubavuni mwa tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 pana tarakimu nne: 2314, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililosimama na kubeba uzito miaka 9 huonekana zima, kisha hupasuka njiani. Safari ya kwanza iwe kuzunguka uwanja wa mpira, ya pili hadi barabara kuu na kurudi. Baada ya kilomita 200 hivi tumwage oili tena na kubadilisha chujio la dizeli, kwa maana uchafu uliokuwa umelala sasa umeamka nao.

Yanayotupasa

Ndugu Mwenyekiti, mahitaji ya kazi hii si makubwa: oili mara mbili, machujio, betri, kupima nozeli, mipira ya breki, na matairi. Matairi ndiyo ghali, nayo yanaweza kungoja mpaka injini ituambie neno lake. Napendekeza kila mwaka wa kuhitimu uchukue kitu kimoja. Mimi na wenzangu wawili wa fani hii tutatoa mikono yetu bila malipo, kila alasiri kwa wiki mbili.

Ila nina sharti. Kazi ifanywe na wanafunzi, sisi tukisimamia. Kila siku mmoja aandike katika daftari: nini kimefunguliwa, nini kimekutwa, nini kimebadilishwa, na nani alifanya. Ikiwa injini itakataa kabisa, tutakuwa tumejua kwa ushahidi kwamba yafaa kuuzwa, na tutaiuza bila majuto. Ikikubali, shule itapata gari pamoja na vijana wanaolijua gari lao.

Na mwisho, siku itakapofika ya kulilaza tena, maana fedha za mafuta huwa hazipatikani kila muhula, lilazwe kama wale mafundi walivyoilaza meli yao. Tangi lijazwe pomoni, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Oili iwe mpya, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi. Betri itolewe. Gari lipandishwe juu ya mawe, matundu yote yazibwe kwa matambara, na kila mwezi mtu aizungushe injini kwa mkono mara mbili, mafuta yakiwa yamekatwa. Kisha, juu ya usukani, kitundikwe kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa mambo yaliyofanywa, tarehe yake, na matundu yaliyozibwa, ili atakayekuja kuliamsha, hata kama sisi hatupo, ajue aanzie wapi.

Sasa Mwenyekiti akiruhusu, wenye maswali na waulize, wanafunzi kwanza.